Masharti ya chuo yafike Wamaza kabla mtoto hajachagua seksio

Kwa Waziri wa Elimu ya Juu na Vyuo Vikuu, Kinshasa;
Kwa warekta wa Chuo Kikuu cha Kindu na Chuo Kikuu cha Kasongo, pamoja na wakurugenzi wa taasisi za elimu ya juu za Maniema;
Nakala kwa mkuu wa jimbo la elimu la Maniema 2, Kasongo.

Waheshimiwa,

Ombi langu ni moja, nami nalitaja mwanzoni ili hata asiye na nafasi ya kusoma barua yote awe amelipata. Masharti ya kuingia katika kila programu ya kila chuo cha serikali yaandikwe katika kitabu kimoja, na kitabu hicho kifike katika kila shule ya Wamaza, Kasongo na Kabambare kabla mtoto wa mwaka wa 8 hajachagua seksio ya umanite, yaani sekondari ya juu. Kikija baada ya Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza umanite, kitakuwa kimechelewa kwa miaka minne.

Nafundisha umanite, na kila mwaka nakaa na wafinaliste wetu, wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Matokeo yakishatangazwa kwenye simu, wanakuja na wazazi wao kuuliza: asilimia hizi zitaniingiza wapi? Je, diploma ya Pedagojia inafungua kitivo cha tiba? Na 54 zinatosha, au wanataka 60? Kuna konkuru, yaani mtihani wa kuingia chuoni, au hakuna? Kama ipo, inafanyika wapi, siku gani? Kwa chuo kimoja huenda nikajua jibu. Kwa vyuo viwili nikivilinganisha, mara nyingi nashindwa, kwa sababu kila chuo kinaandika masharti yake kwa namna yake na kuyabandika kwenye ubao wake, katika mji wake. Wizara hutoa maagizo yake ya mwaka kwa vyuo, na hayo ni mazuri, lakini yanawafikia wakubwa wa vyuo. Mwalimu wa darasani hayaoni, na mzazi anayelima mpunga hajui hata kama yapo.

Niseme kwanza jinsi mlango unavyofungwa mapema. Mtoto anamaliza mwaka wa 8 akiwa na miaka 13 au 14. Anafanya TENASOSP, mtihani ambao serikali yenyewe imeuweka ili umsaidie kuelekezwa, kisha anaingia mwaka wa kwanza wa umanite katika seksio fulani: Pedagojia, Biolojia-Kemia, Hesabu-Fizikia, Latini-Filosofia, Biashara na Usimamizi, Kilimo, Ushonaji, na nyinginezo. Tangu siku hiyo, kwa kiasi kikubwa, kitivo chake kimekwisha kuamuliwa. Bado hajui. Wazazi wake hawajui. Atakuja kuambiwa baada ya miaka minne, akiwa amesimama dirishani kwenye ofisi ya aparitora inayosajili wanafunzi, na bahasha mkononi.

Na huku kwetu seksio haichaguliwi kwa kipaji. Inachaguliwa kwa umbali. Shule ya Pedagojia haihitaji maabara: inataka ubao, chaki, walimu, na shule ya msingi jirani ambako wanafunzi watajizoeza kufundisha. Ndiyo maana imeenea mpaka vijijini. Biolojia-Kemia inataka darubini, vyombo vya kioo, dawa za kemia, na mwalimu aliyesomea kemia akakubali kukaa mbali na mji. Hesabu-Fizikia inataka mwalimu wa hesabu asiyeondoka katikati ya mwaka. Vitu hivyo ni haba kwetu. Mtoto wa kijiji cha Kabambare mwenye akili ya hesabu huenda Pedagojia kwa sababu ndiyo seksio anayoweza kuifikia kwa miguu asubuhi na kurudi kula nyumbani. Binti ndiye hupata shida zaidi, kwa kuwa wazazi wengi hawakubali apange chumba Kasongo peke yake ili afuate seksio ya sayansi. Siwalaumu; mabweni ni machache, na usalama wa eneo letu mnaujua.

Nieleze jambo moja lililotokea kwa kijana niliyemfundisha mwenyewe. Alipata diploma ya Pedagojia kwa asilimia zilizofurahisha mtaa mzima. Alitaka udaktari tangu utoto. Mama yake akauza mpunga na mbuzi, wakakodi pikipiki, akasafiri hadi mji wenye chuo. Faili lake lilikuwa limekamilika: buleteni (ripoti za alama) za miaka miwili ya mwisho, hati ya kufaulu kwa kuwa diploma yenyewe ilikuwa haijafika, cheti cha kuzaliwa, cheti cha mwenendo mwema, cheti cha afya, picha. Akalipa pesa ya fomu. Karani akafungua ukurasa wa kwanza, akasoma seksio, akafunga faili. "Hapa tunapokea wa sayansi." Pesa ya fomu hairudishwi. Akaambiwa kuna chuo kingine, mji mwingine, kinachowapokea watu wa Pedagojia wakifaulu konkuru. Akaenda. Konkuru ilikuwa imefanyika wiki iliyotangulia.

Leo ni mwalimu wa shule ya msingi, na ni mwalimu mzuri. Karani wa kwanza hakumkosea, alifuata alichoandikiwa. Huenda hata sharti lenyewe ni la haki. Lakini lingekuwa limebandikwa kwenye ukuta wa shule yake alipokuwa mwaka wa 8, mama yake angejua kwamba pesa ile ya mbuzi ingefaa kumlipia chumba karibu na shule ya Biolojia-Kemia, badala ya kuiteketeza barabarani. Barabara ya kutoka Kasongo hadi Kindu peke yake ni zaidi ya kilomita 200, na wakati wa mvua hakuna anayeweza kukwambia utafika lini. Anayetegemea treni ya shirika la reli, SNCC, ashuke Samba, asubiri. Mtu wa Kinshasa akikosa sharti moja hupanda basi kwenda chuo kingine mchana ule ule. Mtu wa Wamaza hupoteza mwaka.

Mabadiliko ya LMD yameongeza giza. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 vyuo vyetu vimeingia katika mfumo wa lisansi ya miaka mitatu na masta ya miaka miwili, na ule mfumo wa graduat ya miaka mitatu na lisansi ya miaka miwili unaondoka. Majina ya programu yamebadilika, na baadhi ya idara zimegawanywa upya. Mimi nayaunga mkono mabadiliko hayo. Ila kijana wa kijijini humuuliza kaka yake aliyesoma zamani, na kaka humjibu kwa mambo ya graduat. Ushauri wa nyumbani, ambao ndio pekee wengi wanaoupata, umepitwa na wakati, na hakuna karatasi iliyokuja kuchukua nafasi yake.

Tuwatazame jirani zetu. Zamani njia ya misafara kutoka Ujiji ilipita Kabambare kabla ya kufika Kasongo, na mpaka leo wafanyabiashara wetu wanavuka Ziwa Tanganyika kwenda Kigoma. Ng'ambo ile, Tume ya Vyuo Vikuu ya Tanzania hutoa kila mwaka mwongozo wa udahili: chuo kwa chuo, programu kwa programu, na mbele ya kila programu yameandikwa masomo ambayo mwombaji lazima awe amefaulu kidato cha sita. Anayetaka udaktari anaona wazi kwamba anahitaji Fizikia, Kemia na Biolojia, zote tatu. Anayetaka sheria anaona yake. Kijana wa Kigoma na kijana wa Dar es Salaam wanasoma ukurasa ule ule. Kenya wana chombo cha kitaifa, KUCCPS, kinachowapangia nafasi wanafunzi wanaodhaminiwa na serikali: kwanza wastani wa C+ kwenye mtihani wa KCSE kwa anayetaka shahada, kisha masomo manne ya kundi la programu husika, kisha alama za mwisho zilizoingiza watu mwaka uliopita. Uganda nao huyapa masomo uzito. Somo la lazima kwa programu huhesabiwa mara tatu, linalohusiana nayo mara mbili, linalopendekezwa mara moja, na mengine nusu.

Sisemi kwa majirani kila kitu ni kizuri. Kenya, alama za mwisho hupanda pale waombaji wanapokuwa wengi, na mtoto anaweza kuachwa nje bila kuwa dhaifu. Tanzania nako mwanafunzi anafungwa na tahasusi aliyochukua kidato cha tano, ila anaichagua akiwa amekua kuliko watoto wetu wa miaka 13, na mwongozo uko wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma. Jambo ninalotaka tulichukue kwao ni hilo la mwongozo ulio wazi.

Na kuna jingine la kujifunza, nalo linagusa kiini cha diploma yetu. Exetat, tangu ilipoanzishwa mwaka 1967, imetupa kitu kikubwa: mtihani mmoja kwa nchi nzima, na 50 za Wamaza zinahesabika sawa na 50 za Kinshasa. Mimi ni mtetezi wake. Lakini mwishoni mtoto anabeba namba moja tu. Namba hiyo haisemi kama ni hodari wa kemia au wa Kifaransa. Mwenye 62 za Biashara na mwenye 54 za Biolojia-Kemia wakiomba famasia, namba peke yake inamweka mbele yule ambaye kemia aliigusa kidogo. Na kinyume chake, kijana wa Pedagojia ambaye miaka miwili mfululizo aliongoza darasa katika hesabu anakataliwa kwa jina la seksio yake, bila mtu kufungua buleteni zake. Buleteni hizo mnazidai katika kila faili. Tunazinakili, tunazipigia muhuri, tunazibeba kwenye pikipiki ndani ya plastiki zisilowe. Zisomwe. Programu ya tiba iseme inataka alama gani katika kemia na biolojia, programu ya uhandisi iseme inataka alama gani katika hesabu na fizikia, na atakayezifikia aitwe kwenye konkuru hata kama ametoka Pedagojia.

Nasikia tayari atakayesema: mwalimu wa Kasongo anaomba masharti yalegezwe. Hapana. Daktari asiyejua kemia ni hatari kwa mgonjwa wa Kabambare sawa na alivyo hatari kwa mgonjwa wa Kinshasa. Wala siombi nafasi za upendeleo kwa mkoa. Tuliwahi kuwa na nafasi zilizogawanywa kwa mikoa, enzi vyuo vyote vilipounganishwa katika UNAZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, kuanzia 1971 hadi 1981. Mgao kama huo unampa kijana kiti darasani, haumfundishi kemia aliyoikosa, na wenzake wanamtazama kama aliyeingizwa kwa mlango wa nyuma.

Ninachokiomba kina mfano katika historia yetu wenyewe. Chuo Kikuu cha Lovanium kilipofunguliwa mwaka 1954, waliokianzisha walijua kwamba shule za sekondari za Wakongo wakati ule hazikuwa zimewaandaa vijana kwa masomo ya chuo kikuu. Wakaweka mwaka wa maandalizi kabla ya kuingia chuoni. Hawakushusha kipimo, walijenga daraja la kukifikia. Chuo Kikuu cha Kindu na Chuo Kikuu cha Kasongo vinaweza kufanya hivyo kwa vijana wa Pedagojia wanaotaka sayansi: mwaka mmoja wa hesabu, fizikia, kemia na biolojia, na mtihani mkali mwishoni. Anayefaulu aingie. Anayeshindwa arudi kwenye ualimu, na hatakuwa amepoteza kitu, kwa sababu mwalimu aliyesoma kemia mwaka mzima ni mali kwa shule zetu.

Kuna jambo linalonichoma kuhusu udaktari hasa. Katika miaka ya 1970 hapa Kasongo ulifanyika mradi wa afya pamoja na Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp, Ubelgiji. Ulihusu namna ya kupanga hospitali na vituo vya afya vya wilaya ili vifanye kazi pamoja, na mafunzo yake yakaenda mbali. Mwaka 1981 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa hapa juu ya chanjo ya surua na uhai wa watoto wadogo. Watafiti wa afya ya jamii duniani wanalifahamu jina la Kasongo kwa kazi hiyo. Watoto waliochanjwa ni wa hapa, na akina mama waliowabeba mgongoni hadi kwenye vituo ni wa hapa. Mjukuu wa mmoja wa akina mama hao akitaka kuwa daktari, jambo dogo kabisa analostahili ni karatasi inayomwambia asome seksio gani.

Vivyo hivyo dhahabu. Kabambare ina mgodi wa Namoya, na vijana wa Salamabila na vijiji vya jirani wanajua mawe kwa macho na mikono tangu wadogo. Mwanajiolojia anatoka wapi? Anatoka Hesabu-Fizikia, kisha kitivo cha sayansi au politekniki. Politekniki ya Chuo Kikuu cha Kinshasa inajulikana nchi nzima kwa ugumu wa konkuru yake. Kijana wa Salamabila anayetaka kuijaribu angepaswa kuanza kujiandaa miaka minne kabla, na hakuna aliyemwambia.

Sasa niseme kitabu hicho kiweje. Kwa kila programu yawepo mambo haya na yasikosekane: seksio zinazokubaliwa, asilimia za chini kwa kila seksio, masomo yanayotazamwa kwenye buleteni, kama kuna konkuru, inahusu masomo gani na inafanyika tarehe gani, miaka ya masomo kwa mfumo wa LMD, pesa zote za mwaka wa kwanza, kuanzia fomu hadi minervali (ada ya masomo), na tarehe ya mwisho ya kupokea faili. Programu za aina moja ziwekwe ukurasa mmoja, chuo kando ya chuo, ili uuguzi wa taasisi moja ulinganishwe na uuguzi wa nyingine kwa kutazama tu. Kiandikwe kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Mzazi ndiye anayelipa, na wazazi wengi huku Kiswahili ndicho wanachokisoma. Kichapishwe kwenye karatasi. Intaneti tunayo pale mtandao unapopatikana na simu inapokuwa na moto, na familia nyingi hazina simu ya kufungua ukurasa mrefu. Redio za jamii zikisomee watu, kurasa chache kila wiki. Nina hakika zitakubali, kwa maana zinasoma matangazo yaliyo mbali zaidi na maisha yetu kuliko haya.

Kuhusu konkuru, ifanyikie hapa. Mtasema ni vigumu. Exetat yenyewe inatuonyesha kuwa inawezekana: maswali yanatoka Kinshasa yakiwa yamefungwa kwa lakiri, yanafika kwenye vituo vya nchi nzima, na watoto wa Kabambare wanaanza kuandika siku moja na watoto wa Gombe, Kinshasa. Kituo kimoja Kasongo kwa konkuru za vyuo vya serikali ni kazi ndogo kuliko hiyo. Chuo Kikuu cha Kasongo kina kumbi na walimu wa kuisimamia. Vyuo vingine vilete maswali yao na wasimamizi wao, kama hamtuamini.

Walimu na maprefe (wakuu wa shule) nasi tuna sehemu yetu. Kitabu kikifika kisifungiwe kwenye kabati la ofisi. Kibandikwe, kisomwe mbele ya mkutano wa wazazi wa mwaka wa 8, na mtoto asiandikishwe katika seksio kabla mzazi hajaonyeshwa milango ambayo seksio hiyo inafungua na ile inayoifunga. Niko tayari kuifanya kazi hiyo katika shule yangu, na najua wenzangu walio tayari.

Waheshimiwa, mwaka wa shule unaanza Septemba, na TENASOSP inakuja mwishoni mwake. Kati ya hapo kuna miezi ya kutosha kwa kila chuo kuandika kurasa zake na kwa wizara kuzikusanya. Mkianza na Maniema peke yake, na vyuo vya Kindu na Kasongo peke yake, itakuwa kazi ya kurasa chache, na watoto walio mwaka wa 8 leo watakuwa wa kwanza kufaidika. Nawaomba mjibu. Jibu lenu msilitume kwangu. Litumeni kwa maprefe wa Wamaza, Kasongo na Kabambare, likiwa na masharti ndani yake.

Wenu katika kazi ya shule,

Mwalimu wa umanite, Kasongo